Mzazi Chini ya Kitanda

Kijijini Ihanda kila mtu ana kitu anachofuga. Wengine mbuzi, wengine kuku, wengine visasi na majirani. Athanasi seremala yeye anafuga tandu, na usimwulize sababu kama una haraka, maana atakukalisha kwenye kitanda ambacho hajakimaliza kupiga msasa na utaondoka pale chai imepoa kwenu na mkeo amekasirika.

Alianza na mmoja tu, jike, aliyemkuta kwenye matandazo ya migomba alipokuwa akichimba shimo la choo. Alikuwa mrefu kuliko kiganja cha mtu mzima, mgongo wa kahawia iliyokolea, miguu ya njano. Mtu mwenye akili zake angempiga jembe yakaisha. Athanasi alimfunika kwa bakuli la plastiki, akamtengenezea sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, akalijaza udongo wa kibanja chake cha migomba na magome ya mti, huku kabati la watu likisubiri milango. Kisha akakaa kumtazama anavyokunywa maji kwenye kizibo cha soda na anavyoisafisha miguu yake mdomoni, mmoja baada ya mwingine, bila kuuruka hata mmoja. Moyo wake ukamwendea pale pale. Mkewe, Adventina, alisema kipenda roho hula nyama mbichi, ila nyama hiyo isiletwe chumbani kwake. Tangu siku hiyo yule tandu akawa anaitwa mke mwenza, na kila Athanasi akichelewa kuingia ndani, Adventina alimuuliza mke mwenzake kaamkaje.

Sasa, kufuga ni jambo moja na kuzalisha ni jambo lingine. Kwenye simu Athanasi alikuwa na kundi la wenzake wenye ugonjwa huo huo, na mmoja wao, mwalimu Dastan wa Bukoba, ndiye aliyemwambia kwamba tandu mama hujikunja akayazunguka mayai yake, akayakumbatia kwa miguu yake yote yasiguse hata udongo, akayalamba kutwa yasiote ukungu, na hali kitu mpaka watoto wake waanze kutembea. Dastan alikuwa amesoma tu. Kuona hajaona, na katika kundi zima hapakuwa na mtu aliyewahi kuwapata watoto ndani ya sanduku. Athanasi alilisoma lile neno mara nyingi. Mdudu ambaye watu wakimwona wanapanda juu ya viti, kumbe anakumbatia mayai! Akataka kuliona kwa macho yake mwenyewe, akalitaka kuliko alivyowahi kutaka kitu tangu amalize kuezeka nyumba.

Akaenda kutafuta bwana harusi. Alimpata huko Kiruruma, kwa shangazi yake, chini ya kigogo cha mgomba kilichooza, akamleta kwa bodaboda ndani ya ndoo, na dereva hakuambiwa. Akawalisha mende wote wawili mpaka washibe, kwa sababu bibi harusi wa namna hii akiwa na njaa humla bwana harusi kabla ya posa. Jioni moja dume akatandaza utando mwembamba, akaweka juu yake kifurushi kidogo cha mbegu, akarudi nyuma akatulia kama mshenga anayesubiri jibu. Jike akakichukua. Athanasi akampigia Dastan simu wakafurahi wote wawili kama wamefiwa na mdai.

Lakini furaha ile haikufika mbali. Mayai ya mwaka wa kwanza Athanasi aliyamaliza kwa macho. Hakuweza kujizuia. Asubuhi aliinua gome, mchana aliinua gome, na kila mteja aliyekuja kuulizia meza ilibidi aonyeshwe. Tandu mama akiona duniani hapana usalama, huyarudisha mayai tumboni kwake, na siku moja Athanasi alipoinua gome alimkuta amelala peke yake, ameshiba. Mwaka wa pili akajifunza. Akafunika sanduku kwa gunia, akaapa kutolitazama, akalisukuma kwenye kona ya karakana, halafu wiki ile ile akaanza kugongelea misumari mabenchi ya kanisa juu ya meza ya kona hiyo hiyo. Unacheka? Yeye hakucheka. Siku alipofunua gunia hakula chakula cha mchana wala cha usiku, na Adventina, pamoja na maneno yake yote, alimwonea huruma akamkanda mgongo.

Mwaka wa tatu ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Dume alikuwa ameshakabidhi kifurushi chake, hana kazi tena, akapata upenyo kwenye kifuniko akatoka. Hakuonekana nyumba nzima. Jumapili, wakati wa sadaka, Adventina alifungua mkoba wake kanisani akakuta miguu mingi kuliko sarafu. Siku hiyo kwaya ya kina mama ilitoa sauti ambayo mwalimu wao hajawahi kuwafundisha. Dume aliishia chini ya kiatu cha mzee wa kanisa, na Adventina aliishia nyumbani kwa dada yake, huko Nyakasimbi, alikokaa mpaka hasira ilipopungua.

Ikabidi kikao kikae. Baba mdogo, mzee Kahigi, mdogo wake marehemu baba yake Athanasi, alikuja na fimbo yake na sauti yake kubwa. Akawekewa kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama ilivyo ada. Adventina akaeleza yake, Athanasi akajitetea, Kahigi akasikiliza pande zote halafu akatoa hukumu ambayo hata mimi sioni kosa lake: jike atage mara hii ya mwisho. Akipata watoto, tandu wabaki, na hakuna atakayesema neno. Akiyala mayai tena, masanduku yote yafunguliwe mwisho wa kibanja, na Athanasi asiingize tandu nyumbani kwake mpaka siku ya kufa kwake. Kisha wote watatu wakatafuna kahawa. Na kwao neno likishatafuniwa kahawa halirudi nyuma, hata aliyelitoa akijuta.

Mvua za vuli zilipoanza, jike akataga. Athanasi aliyaona mayai kupitia kioo, rundo dogo la njano ndani ya mkunjo wake, akarudishia gunia taratibu. Karakana ilikuwa na nyundo na randa. Chumbani kwake Adventina alishasema. Sebuleni kuna kuku, watoto wa jirani na redio. Katika boma lote chumba kilichokuwa na utulivu kilikuwa kimoja, cha mama yake.

Mama yake ni Bi Kokushubira. Amezaa, amezika, amelima, na sasa anatembea na mkongojo, lakini ulimi wake hautembei na mkongojo. Tandu hakuwapenda hata kidogo. Athanasi alimwendea, akamwamkia, akakaa chini kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, akazunguka na maneno mpaka mama akamwambia aseme alichokuja kusema. Akasema. Akamweleza kwa mikono, kwa sababu Kiswahili kilimwishia na Kinyambo nacho hakina neno la jambo hilo: amejikunja hivi, Mama, mayai yako hapa katikati, hayagusi chini.

"Na anakula nini?" mama akauliza.

"Hali. Mpaka watoto watembee."

Bi Kokushubira alikuwa akiangalia mikono ya mwanawe, ambayo bado ilikuwa imekumbatia hewa.

"Basi huyo si mdudu," akasema. "Huyo ni mzazi. Mlete."

Athanasi alilibeba lile sanduku toka karakana kama mtu aliyebeba bakuli la supu lililojaa mpaka ukingoni, Adventina akimtangulia kufukuza kuku njiani. Wakalisukuma chini ya kitanda cha mama. Athanasi akainama kulichungulia, aone kama mama tandu hakushtuka, na hapo ndipo mkongojo ulipomgusa bega. Mama yake akamwambia atoke. Kwa desturi aliyolelewa nayo yeye, mwanamume haingii kwa mzazi. Wanawake ndio wanaoingia, na wao huingia kwa kuitwa. Athanasi akadhani ni utani. Mlango ukafungwa.

Jamani, mtu azuiwe kumwona tandu wake mwenyewe, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, kwa mlango alioupiga randa mwenyewe! Siku za mwanzo alizunguka ule mlango kutwa. Alibisha akiwa na kisingizio cha kurekebisha bawaba. Alimtuma Adventina, naye Adventina alirudi akisema mzazi hajambo, hakuna zaidi. Bi Kokushubira alitandika nyasi mpya, nene, hatua zisitikise sakafu. Redio ilihamishiwa jikoni. Mzee Kahigi alipofika kusalimia na ile sauti yake, shemeji yake, Bi Kokushubira, alimtolea kichwa dirishani akamwonya azungumze kama mtu aliye karibu na watu, na Kahigi, aliyeitoa hukumu kwa mdomo wake, akajikuta ananong'ona.

Habari zikaenea, maana Ihanda habari hazihitaji bodaboda. Wateja wakawa wanapita karakana kumuuliza Athanasi kama wazazi wote wawili hawajambo. Benadeta wa jirani, kwa masihara, alileta mkungu wa ndizi wa kumpongeza aliyejifungua. Alitaka kuona Bi Kokushubira atafanya nini. Bi Kokushubira aliupokea, akashukuru, akampikia mjukuu wa Benadeta ndizi zile zile, na akamwambia Benadeta kwamba mgeni hawezi kuingia ila salamu zimefika.

Athanasi aliumia, lakini hata yeye, akiwa peke yake na randa yake, aliujua ukweli. Mwaka wa kwanza mayai yaliuawa na macho yake, na sasa macho yake yalikuwa nje ya mlango. Akajipa moyo kwa hilo. Dastan alipopiga simu kuuliza, alijibu kwamba hali ni nzuri, na hakusema kwamba hajamwona tandu wake tangu mvua zianze.

Halafu wakaja senene. Aliyekulia Kagera haelezwi, na asiyekulia Kagera aelezwe kidogo tu: ni panzi wa kijani na wa kahawia, wanakuja na mvua kwa makundi, na msimu wao ukifika hata mgonjwa huamka. Alfajiri hiyo walikuwa wametanda kwenye nyasi na kwenye majani ya migomba, wazito kwa umande. Wanawake na watoto walitoka na ndoo na vifuniko vya sufuria. Bi Kokushubira naye alitoka na mkongojo wake, akaokota wa kwake taratibu pembezoni mwa nyumba, kama alivyookota tangu akiwa msichana.

Na kuna jambo moja la Bi Kokushubira na senene ambalo watu wa nyumba ile walilizoea mpaka hawalioni. Alikuwa hajawahi kuwala. Enzi zake mwanamke aliwaokota, aliwanyonyoa mbawa na miguu, aliwakaanga, halafu bakuli lilikwenda kwa mume na kwa watoto wa kiume. Mwanamke kula senene ilikuwa mwiko. Siku hizi wasichana wanakula hadharani, Adventina anawatafuna kama karanga, na hakuna aliyepatwa na kitu. Lakini Bi Kokushubira akikaribishwa husema amezoea hivyo hivyo. Athanasi amekula senene wa mama yake maisha yake yote, bakuli la kwanza, wenye chumvi na kitunguu, na hajawahi kujiuliza mwokotaji alibaki na nini.

Asubuhi hiyo, basi, Athanasi alikuwa anakunywa uji. Mama yake alikuwa kizingitini, ungo mapajani, ananyonyoa mbawa. Alikuwa na furaha, anaimba kidogo kwa pua. Akasema, kama mtu anayetaja kwamba mvua imekatika, kwamba hata mzazi wake leo ameionja neema: amemwingizia senene mmoja mkubwa, mzima, anayeruka.

Kikombe kilibaki njiani. Kifuniko kimeinuliwa. Mkono umeingia ndani. Na juu ya hapo panzi mzima, mwenye mateke, anarukaruka juu ya mama aliyekumbatia mayai! Mara mbili alikwisha kuyala kwa makosa madogo kuliko hilo. Athanasi aliiona siku ya hukumu nzima hapo hapo: masanduku yamefunguliwa mwisho wa kibanja, miguu ya njano inapotelea kwenye matandazo, Kahigi amesimama na fimbo yake, na yeye hana la kusema kwa sababu kahawa aliitafuna mwenyewe. Alitaka kupiga kelele. Lakini aliyekaa mbele yake alikuwa mama yake, na uso wake ulikuwa umejaa furaha ya kutoa.

"Mama," akasema polepole, "umeyaua."

Bi Kokushubira aliacha kunyonyoa. Akamwangalia kwa mshangao, kisha mshangao ukageuka kuwa jambo lingine, akajiinua kwa mkongojo wake.

"Njoo," akasema. "Leo ingia."

Adventina aliyasikia maneno hayo toka jikoni akaja mbio, mikono ina majivu. Wakaingia wote watatu, wakitembea juu ya nyasi bila kusikika. Athanasi alipiga magoti. Alilivuta sanduku kidogo kidogo, na mikono ikagoma kufunua gunia. Alimwambia mkewe afunue yeye. Adventina, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa amemgusa mke mwenza wake hata kwa kidole, akafunua.

Hapakuwa na yai hata moja chini ya kioo. Palikuwa na tandu mama, amekonda, ubavuni mwa gome, amembana senene kwa taya zake na anamtafuna. Na kumzunguka yeye, juu ya mgongo wake, juu ya senene, mpaka kwenye miguu ya senene, vilikuwa vitandu. Vidogo, vyembamba kama uzi wa kushonea viatu, vyenye rangi ya buluu iliyofifia, na kila kimoja kina miguu yake kamili. Vilikuwa vinakula pamoja na mama yao. Kimoja kilitoka kwenye msongamano, kikasimama pembeni kikaanza kujisafisha miguu mdomoni, mmoja baada ya mwingine, bila kuuruka hata mmoja.

Athanasi alilia. Hakuficha, na hakuna aliyemcheka, maana hata Adventina alikuwa amejishika kifua. Kumbe mama yake alikuwa akivichungulia kupitia kioo kila asubuhi baada ya sala. Aliviona vikiwa vyeupe vimelala, akaviona vikibadilika rangi, na jana yake akaviona vimeanza kutembea. Akamwambia mwanawe, kwa ukali kidogo sasa, kwamba yeye Athanasi mwenyewe ndiye aliyesema mama hali mpaka watoto watembee. Watoto wametembea. Mama amekaa na njaa msimu wa senene, chini ya kitanda chake yeye Kokushubira. Alitaka afanye nini, amwache aangalie wengine wakila? Athanasi alimwomba mama yake radhi, akampa mikono yote miwili.

Mzee Kahigi aliitwa, akaja akiwa bado ananong'ona kwa mazoea. Aliinama na fimbo yake, akachungulia, akachungulia tena. Aliomba kahawa, akatafuna, akasema neno limekwisha, tandu wabaki. Alipofika mlangoni akarudi kuchungulia mara ya tatu. Dastan alitumiwa picha na akajibu kwa kupiga simu, ila simu ilijaa kicheko tu, pande zote mbili, mpaka salio likaisha.

Jioni wakakaa kula. Adventina alikuwa amepika ndizi na maharage, na Bi Kokushubira, kama miaka yote, alikuwa amekaanga senene kwa mkono wake. Bakuli la kwanza aliliweka mbele ya Athanasi. Athanasi alilitazama bakuli lile, akamtazama mama yake, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe aliona aibu mbele ya chakula kile. Alilisukuma katikati. Alisema tu kwamba mzazi wa chini ya kitanda amekula.

Bi Kokushubira alikaa akiliangalia bakuli. Alimchukua senene mmoja kwa vidole viwili, akamgeuza huku na huku kama anayekagua punje ya kahawa, akamtia mdomoni. Wakamsikia anavyotafuna. Akachukua wa pili. Akachukua wa tatu, na huyo akamtafuna amefumba macho, akakawia kummeza.

"Kumbe," akasema, "ni watamu hivi. Na miaka yote mlikuwa mnakula, mmenyamaza."

Bi Kokushubira alilichukua bakuli lote, akashika mkongojo wake, akaenda chumbani kwake kukaa na mzazi mwenzake, akafunga mlango. Athanasi akavuta sahani yake, akala ndizi na maharage.